Ruzuku ya maji: bomba la shirikisho, ankara ya mji

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea habari za bei, riba na hati fungani. Juma hili tunawaletea habari ya maji, kwa sababu mabomba ya maji hujengwa kwa riba na hati fungani, na mwisho wake huonekana katika bei. Tutaangalia namna miji ya Marekani inavyojadili fedha za ruzuku kutoka serikali ya shirikisho kwa ajili ya kupanua huduma ya maji. Baadaye tutaona ni lipi katika hayo linalomhusu mfanyabiashara na mwekezaji mdogo wa hapa kwetu.

Ikumbukwe kwamba huko Marekani huduma ya maji kwa sehemu kubwa ni kazi ya miji yenyewe. Serikali ya shirikisho iliyoko Washington huweka viwango vya usafi wa maji na mara nyingine hutoa fedha. Lakini mwenye mtambo, mwenye wateja na, katika miji mingi, mwenye kupanga bei, ni halmashauri ya mji. Kwa hiyo ruzuku haiingii mpaka madiwani wakae, wajadili na kupiga kura ya kuipokea.

Mtu wa kawaida huuliza: mjadala wa nini tena? Nani anakataa fedha za bure? Hata hivyo vikao vya namna hii huchukua saa nyingi na wakati mwingine miezi. Sababu ni moja. Ruzuku hulipa sehemu ya ujenzi, tena mara moja tu. Mji hubaki na mambo manne: sehemu yake ya gharama, gharama za kuendesha, gharama za kubadilisha mabomba yakichakaa, na hasara yoyote inayotokea endapo fedha za Washington zitachelewa. Mambo hayo yote manne hulipwa na mteja katika ankara yake ya kila mwezi.

RUZUKU AU MKOPO?

Swali la kwanza analopaswa kuuliza diwani, na mwekezaji pia, ni hili: fedha hizi ni ruzuku kweli au ni mkopo wenye jina zuri?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Sheria ya Maji Safi ya mwaka 1972 iliifanya serikali ya shirikisho ilipe asilimia 75 ya gharama za kujenga mitambo ya maji taka. Mabadiliko ya mwaka 1981 yaliishusha sehemu hiyo hadi asilimia 55. Mwaka 1987 mfumo wenyewe ukabadilishwa. Badala ya ruzuku, Washington ikaanza kuyapa majimbo mtaji wa mifuko ya mikopo inayozunguka, yaani mji hukopa kwa riba nafuu, hulipa, na marejesho hukopeshwa mji mwingine. Mwaka 1996 mfuko wa aina hiyo ulianzishwa kwa ajili ya maji ya kunywa. Mwaka 2014 ukaanzishwa mpango mwingine wa mikopo ya muda mrefu kwa miradi mikubwa, ambao kwa kawaida hugharamia hadi asilimia 49 ya mradi.

Ruzuku zilirudi kwa nguvu na sheria ya miundombinu ya mwaka 2021. Sheria hiyo ilitenga zaidi ya dola bilioni 50 kwa ajili ya maji kupitia Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, kwa miaka mitano ya fedha kuanzia 2022 hadi 2026. Kati ya hizo, dola bilioni 15 zilikuwa za kuondoa mabomba ya risasi. Sehemu kubwa ilipitia mifuko ile ile ya majimbo, na karibu nusu ya fedha za mifuko hiyo iliagizwa itolewe kama ruzuku au mikopo inayosamehewa. Nusu ya pili ilibaki mikopo. Hivyo mji unaotangaza kwamba umepata fedha za shirikisho huenda umepata deni ndani yake.

HESABU YA MJI MMOJA

Tuchukue mfano wa mji wenye wateja 12,000 wa maji. Huu ni mfano wa kubuni kwa ajili ya hesabu tu. Mji unataka kujenga visima vipya, mtambo wa kusafisha maji na bomba kuu la kwenda upande unaokua. Gharama ni dola milioni 40. Shirikisho linaahidi asilimia 80, yaani milioni 32. Mji unapaswa kutafuta milioni 8.

Mji ukikopa hizo milioni 8 kwa miaka 20 kwa riba ya asilimia 4, utalipa takriban dola 589,000 kila mwaka. Ukigawa kwa wateja 12,000 unapata dola 49 kwa mwaka kwa kila mteja, au dola 4 na senti chache kwa mwezi. Diwani anayeunga mkono mradi hushika hesabu hii na kuuliza: dola nne kwa mwezi ndizo tunazogombania?

Diwani anayepinga ana hesabu nyingine. Umeme wa pampu, dawa za kutibu maji, mafundi na matengenezo ya mtambo mpya, tuseme, ni dola 600,000 kwa mwaka. Hiyo ni dola 50 kwa kila mteja, na ruzuku ya ujenzi hailipi hata senti moja ya hapo. Aidha, mtambo wa milioni 40 unaodumu miaka 50 huchakaa kwa kiasi cha dola 800,000 kila mwaka. Uchakavu huo unahusu mtambo wote, pamoja na ile sehemu ya milioni 32 iliyotolewa bure, kwa kuwa bomba lililokuja kwa ruzuku huoza sawa na bomba lililonunuliwa kwa mkopo. Ukiweka akiba ya kulibadilisha unaongeza karibu dola 67 kwa mteja. Jumla sasa ni kama dola 166 kwa mwaka, au dola 14 kwa mwezi.

Kati ya dola 4 na dola 14 ndipo mabaraza mengi yanapogawanyika. Upande mmoja huhesabu deni peke yake, na upande wa pili huhesabu deni, uendeshaji na uchakavu. Wote wawili wanasema kweli, ila wa kwanza hajamaliza hesabu.

Lipo pia swali la haki. Bomba jipya linakwenda mitaa mipya, lakini ankara inapanda kwa wote, akiwamo mjane wa mtaa wa zamani ambaye maji yake hayakuwa na tatizo. Ndiyo maana miji mingi hutoza ada ya kuunganishwa kwa nyumba mpya ili wanaosababisha upanuzi wachangie zaidi. Wajenzi wa nyumba huipinga ada hiyo wakisema inapandisha bei ya nyumba. Diwani mwenye busara hulimaliza swali hili kabla ya kura ya ruzuku.

AHADI INAPOCHELEWA

Waswahili tunasema ahadi ni deni. Kwa fedha za shirikisho, ahadi hulipwa kwa kadiri Bunge la Marekani linavyopitisha bajeti mwaka hadi mwaka.

Mfano ulio wazi ni mradi wa Lewis na Clark, unaopeleka maji katika majimbo matatu ya South Dakota, Iowa na Minnesota. Maji yanatoka katika visima vilivyo kando ya mto Missouri, karibu na mji wa Vermillion. Wanachama wake ni 20: miji 15, ukiwamo Sioux Falls, na mashirika matano ya maji ya vijijini. Bunge liliuidhinisha mradi mwaka 2000. Makubaliano yalikuwa serikali ya shirikisho ilipe asilimia 80, majimbo asilimia 10 na wanachama asilimia 10, isipokuwa Sioux Falls ambao kwa uwezo wa ziada uliouomba ulikubali kubeba nusu.

Majimbo na wanachama walilipa sehemu yao mapema, zaidi ya dola milioni 150 kwa jumla, ili kazi isisimame. Serikali ya shirikisho ikalipa kidogo kidogo. Maji yalianza kutiririka mwaka 2012, yakawafikia wanachama 11 tu kati ya 20. Wengine, ukiwamo mji wa Worthington wa Minnesota, walikuwa wamelipa lakini bomba lilikuwa halijawafikia, na wakasubiri miaka mingine mingi. Katika miaka hiyo ya mwanzoni mwa muongo wa 2010, fedha zilizotolewa na Washington kwa mwaka zilikuwa ndogo kiasi kwamba hazikufikia hata ongezeko la gharama lililoletwa na mfumuko wa bei. Yaani kila mwaka kazi ilifanyika, na bado deni la shirikisho kwa mradi likawa linakua. Mwaka 2014 jimbo la Minnesota liliamua kutanguliza fedha zake lenyewe ili bomba lisogee, kwa matarajio kwamba Washington ingerejesha baadaye.

Turudi kwenye mji wetu wa mfano. Tuseme ahadi ya milioni 32 haibadiliki, lakini ujenzi unachelewa miaka sita na gharama zinapanda asilimia 5 kila mwaka. Mradi wa milioni 40 unakuwa wa milioni 53.6. Ukitoa milioni 32, mji unabaki na milioni 21.6 badala ya 8. Mkopo wa kiasi hicho kwa masharti yale yale unadai takriban dola 1,590,000 kwa mwaka. Sehemu ya deni peke yake kwa mteja inapanda kutoka dola 4 hadi dola 11 kwa mwezi. Ruzuku haikupungua hata senti, ila mji umebeba ongezeko lote.

Kwa hiyo swali la pili la kuuliza kikaoni ni hili: endapo gharama zitapanda, ruzuku nayo itapanda, au imefungwa kwa kiasi kilichoandikwa?

MASHARTI YANAYOKUJA NA FEDHA

Fedha nyingi za ruzuku hutolewa kwa njia ya kurejesha gharama. Mkandarasi anamaliza kipande cha kazi, anapeleka hati ya madai, mji unamlipa, halafu mji unadai Washington. Mji usio na akiba hulazimika kuuza hati za muda mfupi ili kuziba pengo, na riba ya hati hizo ni gharama nyingine.

Pengo hilo linaweza kupanuka ghafla. Januari 27, 2025 ofisi ya bajeti ya Ikulu ya Marekani ilitoa waraka wa kusimamisha kwa muda ruzuku na mikopo mingi ya shirikisho. Mahakama iliuzuia siku ya pili yake, na waraka ukafutwa Januari 29. Zilikuwa siku chache tu, lakini kila mweka hazina wa mji mwenye mkandarasi anayesubiri malipo alilazimika kujiuliza angelipa kwa fedha zipi.

Yapo pia masharti ya manunuzi na mishahara. Tangu mwaka 2014 miradi ya maji inayopata fedha za mifuko ya majimbo hutakiwa kutumia chuma na chuma cha pua vilivyotengenezwa Marekani, na sheria ya mwaka 2021 ilipanua sharti hilo kwa vifaa vingine vya ujenzi. Mafundi hulipwa viwango vya mishahara vinavyopangwa na serikali kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1931. Mradi pia hufanyiwa uchunguzi wa mazingira. Kila sharti lina sababu yake. Hata hivyo wauzaji wa mabomba na vali wanaostahili huwa wachache, muda huongezeka, na bei ya zabuni hupanda. Mji ulio na sehemu ndogo tu ya ruzuku hupaswa kupima kama masharti hayo hayali faida yote.

KUKATAA NAKO KUNA GHARAMA

Tusimfanye msomaji adhani kwamba kukataa ruzuku ndiyo busara. Mji usiojenga leo hulipa kesho kwa bei kubwa zaidi.

Jackson, makao makuu ya jimbo la Mississippi, ni ushahidi. Kwa miaka mingi mtambo na mabomba ya mji huo havikutunzwa ipasavyo, wafanyakazi walikuwa pungufu na ukusanyaji wa ankara ulikuwa mbovu. Agosti 2022, baada ya mto Pearl kufurika, mtambo mkuu ulishindwa, na mji wenye watu wapatao 150,000 ukakosa maji ya kutosha hata ya kuzimia moto. Novemba mwaka huo mahakama ya shirikisho ilimteua msimamizi wa nje kuendesha huduma ya maji. Desemba, Bunge la Marekani likatenga dola milioni 600 kwa ajili ya maji ya Jackson.

Kiasi hicho ni kikubwa sana kwa mji wa ukubwa ule. Lakini kilikuja baada ya watu kupanga foleni za maji ya chupa, na madiwani hawakuwa tena na usukani wa huduma yao. Hata msimamizi aliyekabidhiwa mamilioni hayo alikuta kazi mojawapo ya kwanza ni ile ile ya kila siku: kuhakikisha mteja anapata ankara sahihi na anailipa. Ruzuku inaweza kufufua mtambo, lakini kinachouendesha mwaka baada ya mwaka ni ankara.

MWEKEZAJI AANGALIE NINI?

Miji ya Marekani hukopa sehemu yake kwa kuuza hati fungani, na tangu mwaka 1913 riba ya hati hizo kwa kawaida haitozwi kodi ya mapato ya shirikisho. Kwa sababu hiyo watu binafsi wenye akiba ndio miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Hati hizo ni za aina mbili. Za kwanza zinadhaminiwa na uwezo wote wa mji wa kutoza kodi. Za pili zinalipwa kwa mapato ya maji tu. Katika aina ya pili mji huahidi kwa maandishi kwamba utapanga bei ya maji kiasi cha kutosha, ili mapato yakitolewa gharama za uendeshaji yabaki, kwa mfano, mara 1.25 ya malipo ya deni.

Tukitumia mji wetu wa mfano, deni la dola 589,000 kwa mwaka linadai mapato halisi ya takriban dola 736,000. Likifika dola 1,590,000, mapato yanayotakiwa yanakaribia dola milioni 2. Baraza linaloogopa kupandisha bei huvunja ahadi hiyo, na bei ya hati sokoni hushuka. Ndiyo maana mwekezaji makini husoma kwanza kumbukumbu za kura za bei ya maji, kisha ndipo anasoma habari za ruzuku.

Kwa mfanyabiashara wa mabomba, saruji, vali na dira za maji, funzo ni la tarehe. Kura ya kupokea ruzuku bado si zabuni. Katikati kuna mkataba wa ruzuku, usanifu, uchunguzi wa mazingira na kupatikana kwa fedha za mji. Mwenye kujaza ghala siku ya kura anaweza kukaa na mali miaka miwili huku riba ya benki ikimla.

NA HAPA KWETU?

Tanzania haina serikali ya shirikisho wala madiwani hawapangi bei ya maji. Bei za mamlaka za maji huidhinishwa na EWURA. Lakini maswali ni yale yale, na mwekezaji mdogo sasa yamemfikia mlangoni. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga ilitoa hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka inayolipwa mara mbili kwa mwaka, kwa ajili ya kupanua na kuboresha huduma ya maji. Hati hiyo iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Msingi wa malipo yake ni mapato ya mamlaka yenyewe, yaani ankara za wateja wa Tanga.

Mwenye hati ya namna hiyo, au anayefikiria kununua nyingine ya aina hiyo itakapokuja, amwulize dalali wake mambo manne. Kwanza, kati ya maji yanayozalishwa ni kiasi gani kinapotea njiani bila kulipiwa? Pili, kati ya ankara zinazotolewa ni asilimia ngapi zinalipwa, zikiwamo za taasisi za serikali? Tatu, bei ikihitaji kupanda ni nani mwenye kuidhinisha, na aliidhinisha mara ya mwisho lini? Nne, je, mradi unategemea ruzuku yoyote ambayo haijafika?

Swali la nne ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Waraka wa matarajio unaweza kuonyesha mpango mzuri wenye sehemu tatu za fedha: ruzuku, mkopo na mapato. Ruzuku ikichelewa, mkopo huanza kulipwa hata hivyo, na mapato ya bomba ambalo halijakamilika hayapo. Worthington walilijua hilo kwa kusubiri miaka wakiwa wameshalipa. Mwekezaji wetu anaweza kulijua kwa kusoma ukurasa wa vyanzo vya fedha kabla ya kutia sahihi.